Mali bila daftari, na kompyuta iliyo ndani ya faili

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuuliza kama bado niko hai au nimemezwa na baridi ya huku Uingereza. Nipo. Kazi ni zile zile na mvua ni ile ile. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo tangu mwaka 2023 nimekuwa nikilieleza kwenye simu, kwa mtu mmoja mmoja, mpaka sauti imenikauka. Ni yale mafaili makubwa ya mashine pepe ambayo baadhi yenu mmeyaweka kwenye laptopu zenu na kuyaamini kama sanduku la chuma.

Msimamo wangu nausema mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Faili la mashine pepe likiharibika, mara nyingi linaokoleka. Lakini kinachoamua ni yale uliyoyafanya kabla halijaharibika, na yale uliyojizuia kuyafanya saa ya kwanza baada ya kuharibika. Hizo programu za kukarabati mnazozitafuta kwa jasho zinakuja mwisho kabisa.

Kwanza niwaeleze wasiojua ninachosema. Mashine pepe ni kompyuta nzima inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Laptopu yako ni mwenye nyumba, mashine pepe ni mpangaji. Mpangaji ana Windows yake, ana mafaili yake, na anaamini kabisa kuwa ana diski yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba hiyo diski yake ni faili tu lililokaa kwenye folda ya mwenye nyumba, lenye jina linaloishia na .vdi, .vmdk au .qcow2, kutegemea programu unayotumia. Kwenye kompyuta zetu za kawaida mambo haya yalishika kasi mwaka 1999 VMware walipotoa programu yao, na mwaka 2007 ikaja VirtualBox ambayo mtu anaweza kuitumia bure. Mwaka 2008 Sun waliinunua kampuni iliyoitengeneza, na tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle.

Huko nyumbani naona watu wanaitumia zaidi kwa sababu moja: programu za zamani. Mtu alinunua programu ya mahesabu enzi za Windows XP, ikamfaa, akaizoea. Microsoft wakaacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Laptopu mpya haziitaki XP, na ile programu haiitaki Windows mpya. Mashine pepe inamaliza ugomvi: XP inakaa ndani imefungiwa, haina intaneti, kazi inaendelea. Siwalaumu hata kidogo. Ni akili nzuri.

Ila urahisi huo una bei yake. Kompyuta nzima ikiwa ndani ya faili moja, kuihamisha ni rahisi, kuiga ni rahisi, na kuipoteza yote kwa mpigo nako ni rahisi. Kwenye kompyuta ya kawaida sehemu ndogo ya diski ikiharibika, pengine utapoteza picha moja ya harusi. Ndani ya faili la mashine pepe kuna jedwali linaloonyesha kila kipande cha diski ya mpangaji kiko wapi. Jedwali hilo likipata doa, mashine nzima inaweza kukataa kuwaka hata kama kila kitu kingine kiko salama.

Ndivyo ilivyotokea kwa mpwa wangu kule Tanga. Yeye ndiye anayeingiza kwenye kompyuta hesabu za kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, akina mama sitini na kitu, wauza samaki, washonaji, wapika maandazi. Hisa zao, mikopo yao na marejesho yao vyote vilikuwa ndani ya XP, ndani ya VirtualBox, ndani ya laptopu moja ambayo betri yake ilishakufa zamani na inaishi kwa waya wa ukutani. Jioni moja ya Novemba 2023 umeme ukakatika katikati ya kazi. Uliporudi, laptopu ikawaka, mpangaji akagoma.

Kwa nini umeme ukikatika mpangaji anaumia kuliko mwenye nyumba? Fikirieni kodi ya nyumba. Programu ya mahesabu inampa XP pesa iweke benki. XP inampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema sawa, nimepokea, kumbe kaiweka mfukoni kwanza ili akusanye nyingi aende benki mara moja. Kompyuta zote zinafanya hivyo ili zionekane na kasi. Umeme ukikatika wakati huo, kila mmoja ana hakika kuwa pesa iko benki, na benki haijaona kitu. Kwenye mashine pepe mifuko ya njiani ni mingi zaidi, basi na hasara ya njiani ni kubwa zaidi.

Sasa tuelewane kilichokuwa hatarini. Pesa zenyewe zilikuwepo, hakuna aliyeziiba. Kilichokosekana ni habari ya nani ana kiasi gani, na zilibaki wiki tatu kikoba kivunjwe watu wagawane chao. Maneno yakaanza. Mbona imeharibika wakati huu? Mbona yeye peke yake ndiye anayejua kuitumia? Kijana aliyekuwa akisifiwa msikitini na sokoni akaanza kusalimiwa kwa mkato. Hili ndilo ninalotaka mlishike: hesabu zikipotea, mtu mwaminifu na mwizi wanafanana sura. Hakuna tena cha kuwatofautisha. Kwa hiyo mtu akiniambia bakapu ni mambo ya mafundi, huwa namwambia hapana, ni mambo ya heshima ya mtu.

Alipompelekea fundi mtaani, fundi akaona diski ya laptopu imejaa, akashauri wafute folda iitwayo Snapshots ili kupata nafasi, kisha waweke Windows upya. Mpwa wangu akanipigia kabla ya kukubali. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia neno moja: usiguse.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi mnayoyakuta mtandaoni. Mengi yanaanza na amri: andika hivi, bonyeza hapa, karabati. Mimi nasema karabati yoyote ni kuandika juu ya kitu kilichoumia, na ukishaandika juu yake hurudi nyuma. Hatua ya kwanza ni kuzima, ya pili ni kunakili folda nzima ya mashine hiyo kwenye diski nyingine. Folda nzima, siyo lile faili kubwa tu: na folda ya Snapshots, na faili la .vbox ambalo lina maelezo ya mashine, na jirani yake .vbox-prev. Huyo jirani msimdharau. Umeme ukikatika vibaya, .vbox huweza kubaki tupu kabisa, na .vbox-prev ndiyo nakala yake ya mwisho. Ukiipa jina la mwenzake, mashine inaweza kurudi bila matibabu mengine.

Angalizo kwa wanaotumia flashi: flashi nyingi zimeandaliwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili lenye ukubwa wa kufika GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno hata kama flashi ina nafasi tele. Andaa diski kwa exFAT au NTFS kwanza. Na kama diski ya laptopu yenyewe inaumwa, inakwama kila ikisoma, usilazimishe kunakili kwa njia ya kawaida. Iko programu ya bure inaitwa ddrescue, inawashwa kutoka kwenye flashi ya Linux. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, halafu inarudi taratibu kwenye zile korofi, na inaweka kumbukumbu ya ilipofika ili ikikatizwa iendelee.

Kwa mpwa wangu ilikuwa hivyo hivyo. Alinunua diski ya nje, akaazima laptopu ya jirani, na usiku wa huku na alfajiri ya huko tukafanya kazi kwa mbali. Faili kuu lilinakilika lote. Faili moja ndani ya Snapshots lilikuwa na sehemu mbovu, ddrescue ikalipata lote isipokuwa vipande vichache. Kisha, kwenye laptopu ile ya jirani, kwa kutumia nakala peke yake, tukaiambia VirtualBox iunganishe mlolongo wote kuwa faili moja jipya. Amri yake ni VBoxManage clonemedium. Faili hilo jipya hatukujaribu kuliwasha. Tulilipachika kama diski ya pili kwenye mashine pepe nyingine ya Linux, kwa ruhusa ya kusoma tu, tukaingia kwenye folda ya ile programu ya mahesabu, tukatoa data zake. XP yenyewe haikuwa na thamani, XP inawekwa upya. Wengi wanapoteza siku nzima wakitaka mashine iwake, wakati wanachokihitaji ni folda moja tu ndani yake.

Naona baadhi ya mafundi wameshanuna, basi niseme na zana zao. Kwa mafaili ya qcow2 kuna qemu-img check. Bila kuongeza kitu inatazama tu na kutoa ripoti. Ukiongeza -r ndipo inapoandika. Chkdsk ya Windows nayo bila /f inatazama tu. Zote anza na kutazama, na zote zifanyie kazi nakala, kamwe usikarabati faili wakati mashine yenyewe inaendelea kufanya kazi maana utaliharibu mwenyewe. Tena mkumbuke kuwa chkdsk kazi yake ni kupanga rafu. Ikikuta kitabu hakieleweki mahali pake, inaweza kukitoa ili rafu zikae sawa. Itakuambia imemaliza salama, na rafu kweli zimenyooka, lakini kitabu chako hakipo.

Sasa nirudi kwenye Snapshots, maana hapa ndipo watu wanapoangamia. Snapshoti si nakala ya akiba. Ukipiga snapshoti, VirtualBox inafunga daftari la zamani na kufungua daftari jipya. Maandishi yote ya baadaye yanaingia kwenye hilo jipya. Kujua salio la leo lazima usome yote mawili. Ukilitupa jipya, umepoteza kila kilichoandikwa tangu siku ile. Ukilitupa la zamani, jipya linabaki na mistari isiyo na maana. Yule fundi angefuta ile folda, angefuta miezi saba ya kikundi ili kupata nafasi ya diski. Snapshoti inafaa kabla ya kujaribu jambo la hatari, ukimaliza uiondoe kwa kutumia programu yenyewe ili madaftari yaunganishwe, na uhakikishe kuna nafasi ya kutosha kwenye diski maana kuunganisha nako kunahitaji nafasi.

Wapo wanaosema basi tuweke faili hilo kwenye folda za mtandaoni kama Google Drive, lijinakili lenyewe. Nawaelewa, ila nina mashaka mawili. Faili la GB 11 linalobadilika kila dakika litawamalizia bando kabla ya wiki kwisha. Na kulinakili huku mashine inafanya kazi ni sawa na kuhesabu pesa za dukani wakati wateja bado wananunua: utapata jumla, lakini si ya saa yoyote ile. Zaidi ya hapo, folda hizo kazi yake ni kufuata. Likiharibika la kwako, na ubovu unafuata kule juu. Mtandaoni peleka zile data ndogo za mahesabu, zilizotolewa nje ya mashine, zenye tarehe kwenye jina. Hizo ni megabaiti chache, zinakwenda hata kwa simu.

Na msidhani haya ni ya wanyonge tu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilipoteza data za takriban saa 6 baada ya mhandisi kufuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na siku hiyo wakagundua hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Walikuwa na wataalamu, walikuwa na pesa. Walichokosa ni mazoea ya kujaribu kurudisha. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Matunzo yenyewe ni machache. Mpangaji azimwe kwa njia yake, kwa Windows yake, na siyo kwa kufunga dirisha. Diski ya mwenye nyumba isijae. Faili la diski pepe hukua kadiri unavyoandika, na ukifuta vitu ndani halipungui lenyewe. VirtualBox ikikosa nafasi huisimamisha mashine, basi usiiue, toa nafasi kwanza halafu uendelee. Betri ikifa, badilisha betri. Kila Ijumaa zima mashine, nakili folda nzima kwenye diski ya nje, kisha chomoa diski hiyo uitie kabatini, maana iliyochomekwa muda wote itapigwa na radi ile ile. Mara moja kila miezi mitatu ichukue nakala hiyo, iwashe kwenye kompyuta nyingine, uone kama inafunguka. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwahi kuliweka jambo hili kwa tarakimu tatu, 3, 2, 1: nakala tatu, aina mbili za vyombo, na moja ikae mbali na nyumba. Nyumba ya shangazi mtaa wa pili inatosha.

Najua kuna watakaosema kikundi kihamie kwenye huduma za kulipia za mtandaoni, waachane na XP. Siku moja ni lazima, na programu ile haitaishi milele. Lakini kuhama ukiwa huna nakala ni kubeba vyombo usiku bila taa. Kwanza toa hesabu zako nje ya mashine ziwe kwenye mtindo unaosomeka na kompyuta yoyote, halafu hama kwa nafasi.

Sasa mnataka kujua kikoba kiliishaje. Data zilifunguka, lakini siku tisa za mwisho hazikuwamo, zilikuwa kwenye vile vipande visivyosomeka. Kilichookoa siku tisa ni kaunta buku. Mweka hazina wa kikundi ni bibi mmoja mtu mzima ambaye vijana walikuwa wakimcheka kwa kuandika kila senti kwa kalamu, eti anarudia kazi ambayo kompyuta imeshaifanya. Alikaa na mpwa wangu jioni mbili, yeye anasoma, kijana anaingiza, na kila mama aliyetaka kuja kushuhudia alikaribishwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema daftari liwe la karatasi au la umeme, ila nadhani wangekuwepo leo wangetaka yote mawili.

Nimalizie na sisi tulioko nje, kwa sababu nalo linatuhusu. Tunapenda kutuma laptopu. Inapigwa picha, inashukuriwa, tunajisikia vizuri. Diski ya nje, betri mpya au kifaa cha kushikilia umeme havina picha nzuri, kwa hiyo hatuvitumi. Halafu mambo yakiharibika tunachanga usiku huo huo kumlipa fundi, na tunachanga kwa moyo. Sisi ni hodari wa kuchangia msiba kuliko kuchangia dawa. Pendekezo langu ni hili: asitume mtu laptopu nyumbani bila diski ya pili ndani ya boksi lile lile. Kama bajeti haitoshi, tuma laptopu ya bei ya chini kidogo na diski pamoja.

Na ninyi mlioko nyumbani, mtoto anayewatunzia hesabu msimwachie mzigo huo peke yake. Awepo wa pili anayejua diski iko wapi na inafunguliwaje. Huko siyo kumshuku. Ndiko kumlinda.

Wenye maswali niandikieni hapa chini, nitajibu nikitoka kazini. Nisalimieni wazee wote, na yule aliyeniahidi kunitumia kamba wakavu kwa mgeni anayekuja mwezi ujao asisahau. Wasalaam.